Nyumba Isiyotua

Njia ya kwendea Salamani siijui, na akitokea mtu wa kukwambia anaijua, mpe maji anywe, jua limempata. Mimi nilikuwa barazani kwetu nikipepeta kunde. Macho yakawa mazito. Nilipoyafumbua, ungo ulikuwa bado mapajani na kunde zilikuwa zile zile, lakini baraza haikuwa yetu. Mwenye baraza, mwanamke mnene mwenye unga mikononi, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama bila kushangaa.

"Karibu, Bi Mgeni," akasema. "Hizo kunde zitatufaa."

Nikakaribia. Nasema mapema kwamba mimi nina ulimi, na ulimi wangu umekwisha kunifukuzisha katika nchi mbili. Lakini haya ya Salamani sikuyatia chumvi. Yalikuja na chumvi yake.

Ni nchi ya ukungu mwepesi. Unatambaa vichochoroni tangu asubuhi hadi jioni, unapanda hadi kiunoni mwa mtu, na sauti za watu hukufikia kabla ya watu wenyewe. Huzungumza taratibu, hutembea taratibu, kama walioamshwa sasa hivi na hawana haraka ya kuamka vizuri. Ni watu wema. Hufagia hata njia isiyo yao. Mgeni hali peke yake. Ukipiga chafya, mtaa mzima unakuombea afya. Nimekaa na watu wengi, wengine wa kukunja uso hadi usingizini, lakini wapole kama wale sijapata kuwaona, na ndiyo maana mambo yao yalinichanganya sana.

Kwanza zilinichanganya kengele. Upepo ukivuma kidogo tu, kengele zililia huku na kule ndani ya ukungu, ndogo na kubwa, bila mpangilio. Nikamuuliza mwenyeji wangu, ambaye jina lake lilikuwa Bi Zuwena, mjane mpika vitumbua, ni kengele za nini.

"Za shule," akasema.

"Shule zote hizo? Na watoto wako wapi?"

"Watoto wako shule yao, ile ya kilimani. Hizi hazina watoto."

"Na walimu?"

"Ala, Bi Mgeni! Walimu wa nini, na watoto hawamo?"

Nikaona nisipouma ulimi nitafukuzwa nchi ya tatu kabla ya chai. Nikauuma.

Bi Zuwena alikuwa na binti mmoja, Raya, msichana mrefu aliyekuwa na kazi nyingi mikononi na maneno machache mdomoni. Usiku halali. Hulala mchana, jikoni, karibu na miguu ya mama yake, na ni lazima mama awe macho. Bi Zuwena aliniambia sababu yake mara moja tu, mgongo akiwa amenigeuzia, akimimina unga kikaangoni. Raya alipokuwa mdogo, kijana wa nyumba ya pili, mtu waliyekula naye sikukuu, alimharibu. Jina lake Msellem, asiye na ukucha kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alishtakiwa, akafungwa.

"Na kifungo chake kimekwisha," akasema. "Kimekwisha, mwenzangu. Mwanangu chake hakijaisha."

 Nilimshika bega, tukaviacha vile vitumbua vikaungua.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kumwaga maji machafu, nikaona nyumba inatembea juu ya ukungu.

Ilikuwa nyumba nzuri, nyeupe, yenye madirisha mengi na mlango mmoja mpana wenye komeo la chuma. Ilikuja polepole, ikiyumba kidogo, na hapakuwa na sauti ila mlio wa magogo yanayokazana na pumzi za watu. Ukungu ulipopasuka niliona miguu chini yake, miguu mingi. Wachukuzi waliibeba mabegani kwa magogo marefu, vichwa vyao vimefunikwa shuka nyeupe hadi machoni. Kandokando walitembea walinzi wenye taa zilizowaka, mchana kweupe. Nikajifinya. Nikaumia, nyumba ikaendelea kuja.

"Imekuja," akasema Bi Zuwena nyuma yangu. Alijifunga kanga kiunoni. "Sasa ndiyo kazi."

Alinieleza tukiwa tunakimbilia uwanjani. Salamani wana sheria nzuri, na sisemi kwa kejeli. Mtu aliyenajisi mwenzake, awe mtoto awe mkubwa, akimaliza kifungo haruhusiwi kuingia mtaani moja kwa moja. Hukaa kwanza katika Nyumba ya Mpito. Mchana hufanya kazi na mlinzi pembeni, magharibi mlango hufungwa, na wako watu maalumu wa kumwangalia na kumwuliza moyo wake unasemaje, hadi waridhike. Sheria hiyo watu wote wa Salamani waliipigia makofi siku ilipotungwa. Nyumba wakaijenga kwa mchango, na kila mtu alileta tofali.

Paliwashinda pa kuiweka tu.

Kila mtaa ulikuwa tayari kuisifu nyumba ile na hakuna uliokuwa tayari kuipokea. Wakuu wakaona waizungushe, wenyeji wataichangamkia wakiiona ilivyo nzuri. Basi ikabebwa. Mtaa wa kwanza ukaikataa, wa pili ukaikataa, nayo tangu siku hiyo haijatua. Ikipumzika, huegemezwa juu ya magongo, kwa maana sheria yao inasema kitu kisichogusa ardhi ya mtaa hakimo mtaani. Nikauliza, je, magongo hayagusi ardhi? Nikajibiwa kwamba magongo yanagusa, nyumba haigusi, na wanasheria walikwisha kulimaliza hilo zamani.

Uwanjani pale walikuwa wamekaa watu wa Mtaa wa Mrashi wote. Mbele alikaa sheha, yaani mkuu wa mtaa, Bwana Tawakal, mzee mwenye sauti laini ya kumbembelezea mtoto. Kulia kwake alikuwepo Bwana Ngwali, na cheo chake ni Mshika Kamba Mkuu. Alikuwa na kamba nene iliyoviringwa begani hadi shingo yake imelala upande mmoja. Nyumba isitue mahali ambapo Kamba ikishikwa kwenye mlango wa shule itapafikia. Ndiyo sheria, na ina akili yake. Lakini penye sheria pana mafundi. Alfajiri ile, kabla nyumba haijafika, wanaume wa Mrashi walikuwa wamesimamisha kibanda cha mbao kando ya kiwanja kilichotajwa na wakuu, wakatundika kengele. Mbao zilitoka jiko la zamani la Bi Zuwena. Nikaelewa sasa zile shule zisizo na watoto.

"Semeni, wenyewe," akasema sheha.

Desturi ya baraza la Salamani ni kwamba msemaji lazima aanze kwa maneno, "Sina neno na nyumba, lakini." Asiyeanza hivyo haandikwi wala hasikilizwi. Akasimama mzee wa miwani. "Sina neno na nyumba, lakini Mtaa wa Ushanga una nafasi kubwa, na watu wake wamezoea shida." Akasimama mjumbe aliyetumwa na Mtaa wa Ushanga. "Sina neno na nyumba, lakini watu wa Mrashi wana moyo mpana, tusiwanyime thawabu." Wakapigiana makofi. Kijana mmoja akashauri ipandishwe mlimani, akaambiwa mlimani kuna wachunga mbuzi, na wachunga mbuzi wana watoto. Mwingine akashauri iwekwe katikati ya ziwa. Hilo lilijadiliwa kwa makini hadi akatokea mtu akakumbusha kwamba watoto huoga.

Akasimama Bi Zuwena.

"Sina neno na nyumba," akasema, "lakini nina neno na aliyemo ndani yake. Humo yumo aliyeniulia mwanangu usingizi. Siombi auawe. Naomba apite. Apite na nyumba yake, aende hadi miguu ya wanaombeba iishe. Mtaa huu asitue!"

Wanawake walilia. Mimi pia nililia, sioni haya kusema. Lakini ulimi ni ulimi, nikajikuta nimesimama.

"Nami mgeni niulize kidogo. Mnapobishana hivi, hao watu wanalala wapi?"

Watu wakageuka kunitazama kwa upole sana. Bwana Ngwali akasema swali langu haliwezi kupimwa kwa Kamba. Sheha akatabasamu.

"Wanalala ndani, Bi Mgeni. Nyumba si ni yao?"

Nikakaa. Jibu lilikuwa jepesi mno, na mimi majibu mepesi huniwasha. Kamba ilinyooshwa toka kengele hadi kiwanjani, ikafika na ikabaki. Sheha akatangaza nyumba itaondoka. Vigelegele vilivyopigwa pale sijui nivieleze vipi. Kengele nazo zikalia, kwa maana upepo uliinuka wakati huo huo, na ukungu wote ukawa kama unacheka nasi.

Na hapo ndipo ilipoingia desturi yao nyingine. Wachukuzi hawapewi ujira. Hupewa heshima. Mtaa ukiishaikataa nyumba, wachukuzi hukaribishwa majumbani, watatu huku, wawili kule, wakala, wakanywa, wakalala vitandani mwa watu, kisha kesho yake wakaondoka na mzigo wao. Watoto hupandishwa mabegani mwao wazungushwe uwanjani, ati hupata nguvu. Wanaoiondoa hofu mtaani ni watu wa kutunzwa, ndivyo wanavyoamini. Na mwenyeji aliyesema kwa uchungu zaidi barazani hupewa fahari ya kuwakaribisha wachukuzi wa mbele.

Akapewa Bi Zuwena.

Tulipika, mwenzangu! Wali wa nazi, kunde zangu, kuku wawili waliokuwa wakitaga mayai ya biashara. Bi Zuwena aliimba. Raya mwenyewe alikuwa akikuna nazi kwa bidii, na mara moja nilimwona anatabasamu peke yake. Aliniuliza, "Shangazi, ni kweli inakwenda mbali?" Nikamwambia ni kweli. Mungu anisamehe, nilikuwa naamini.

Wachukuzi watatu wakaingia na shuka zao vichwani, wakakaa mkekani. Kwao mchukuzi hafunui uso ila mbele ya chakula, ili watu waheshimu kazi, wasimheshimu mtu. Raya akaja na birika na bakuli kuwanawisha. Wa kwanza alikuwa mtu wa makamo, akafunua uso, akashukuru. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alinyoosha mikono kabla ya kufunua uso. Mkono wa kulia kidole cha shahada hakikuwa na ukucha.

Raya hakupiga kelele. Aliendelea kumimina. Maji yalijaa bakuli, yakamwagika mkekani, yakafika kwenye sinia la wali, naye anamimina tu, macho yamekaa kwenye kile kidole. Bi Zuwena alitoka jikoni na sahani ya kachumbari akisema, "Raya, maji hayo, mama!" kisha akatazama alipokuwa akitazama mwanawe.

Yule mtu akaivua shuka. Alikuwa na ndevu na uso uliochoka.

"Sikujua ni nyumba hii," akasema. "Wametuingiza kwa mlango wa nyuma."

"Toka," akasema Bi Zuwena. Hakuinua sauti. "Tokeni nyote."

Wakatoka, wali haujaguswa. Raya akaweka birika chini kwa uangalifu, kama kitu cha watu.

"Mama," akasema, "uliniambia yumo ndani."

"Ndivyo nilivyoambiwa, mwanangu." Mama akaketi palepale kwenye maji. "Wallahi ndivyo nilivyoambiwa."

Mimi nikatoka mbio kumfuata yule mtu. Sikumfuata kwa huruma, mjue. Nilimfuata kwa hasira, na nilikuwa nimeshika mwiko. Nilimkuta amesimama karibu na nyumba nyeupe, nje ya duara la walinzi. Walinzi walikuwa wameizunguka nyumba, taa zinawaka, macho makali, wameyapa magongo migongo yao ili wasipitwe na kitu.

"Wewe ndiye Msellem?"

"Ndiye."

"Mbona hukufungiwa ndani?"

"Ndani hamna mtu," akasema. "Mlango ule haufunguliwi hadi nyumba iguse ardhi. Ukifunguliwa kabla, nyumba itahesabiwa imekaliwa, na ikikaliwa itakuwa imo mtaani. Walitafuta watu wa kuibeba, hakuna aliyekubali. Wakuu wakasema, nyumba ni ya nani? Wenyewe waibebe. Nyumba ile naijua kwa uzito wake tu."

"Na hawa walinzi?"

"Wanalinda nyumba."

Nikahisi mwiko umekuwa mzito. "Kwa hiyo mmelala majumbani mwa watu. Kila mtaa. Nyumba zenye watoto."

Aliinamisha kichwa. "Niliwaomba wakuu watufungie mahali. Wakasema mahali pa kutufungia tunapo, tunapabeba."

"Kwani wewe hujiamini?"

Nikamwona anatafuta uongo na anauacha.

"Sijiamini," akasema. "Ndiyo maana niliomba."

Nilirudi nimekwisha sahau kama nilikwenda kumpiga. Nikamweleza Bi Zuwena yote, neno kwa neno. Alinisikiliza huku akikamua maji kwenye upindo wa kanga. Kisha akanyanyuka, akamwambia Raya ajifungie kwa ndani, akaenda uwanjani na kupiga ile kengele ya shule yake kwa jiwe hadi mtaa mzima ukakusanyika upya, wengine midomo ikiwa bado na mafuta. Wachukuzi nao waliletwa na wenyeji wao, wengine wamebeba watoto shingoni. Sheha akaja akitafuna.

"Kuna nini tena, Bi Zuwena?"

Na Bi Zuwena akasema bila yale maneno ya kuanzia. Nilisikia watu wanavuta pumzi.

"Itueni nyumba. Itueni leo, kiwanja cha nyuma ya jiko langu. Ninakitoa bure. Ifungueni muwaingize wenyewe, maana ndani hamna mtu! Wenyewe ndio hawa mnaowalisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tumekitandikia godoro."

Ukungu ulitulia. Hata kengele zilitulia.

"Bi Zuwena," akasema sheha kwa ile sauti laini, "hawa ni wachukuzi, wageni wa heshima. Usiwavunjie hadhi."

"Yule ni Msellem! Mtazameni! Si mlicheza naye gololi?"

Watu hawakumtazama. Naapa, hata mtu mmoja hakugeuza shingo. Bwana Ngwali akakohoa. "Kwa mujibu wa sheria, Msellem yumo nyumbani kwake. Na mtu hawi mahali pawili. Tena kiwanja chako, Bi Zuwena, kimo ndani ya Kamba. Kuna shule pale."

"Shule? Ile ni mbao za jiko langu! Naibomoa sasa hivi."

"Kubomoa shule!" Watu wakanong'ona kwa uchungu wa kweli. "Kubomoa shule ya watoto!"

"Sikilizeni," akasema Bi Zuwena, na sasa sauti ilianza kumkatika. "Sijamsamehe. Sitamsamehe. Simtaki karibu yangu. Lakini nataka nijue yuko wapi. Nataka mlango ufungwe magharibi niusikie ukifungwa. Nataka mlinzi na taa yake wamwangalie yeye, wasiangalie kuta. Ili nimwambie mwanangu, lala, yuko pale, amefungiwa, na niwe ninasema kweli. Hilo tu. Nipeni hilo tu, jamani."

Nilidhani wataelewa. Niliona nyuso zinaanza kulegea, na mzee wa miwani alikwisha kuvua miwani kuifuta. Lakini mbele kabisa alikuwa amesimama Bi Nunuu, jirani wa mlango wa tatu. Wachukuzi wawili walikuwa wamelala kwake safari iliyopita nyumba ilipokatiza, na leo tena alikuwa amewapokea. Nilimwona anahesabu moyoni. Nilimwona anawatafuta wanawe kwa macho, anamwona mdogo yuko shingoni mwa mchukuzi, mtoto anacheka. Uso wake ukawa kama majivu. Akamnyakua mtoto, akafungua kinywa, nami nikasema, haya, sasa atasema.

"Iondoeni!" akapiga kelele. "Iondoeni nyumba hii! Iondoeni sasa hivi, italetea watoto wetu balaa!"

Hapo ndipo mtaa mzima uliponyanyuka. Kwa maana kama Bi Zuwena amesema kweli, basi usiku wa safari zile zote, vitanda vile vyote, na mabega yale yaliyowazungusha watoto, yote hayo ni ya kuulizwa upya, na ni nani mwenye kifua cha kuyauliza? Kuiogopa nyumba ilikuwa rahisi zaidi. Iko pale, nyeupe, kubwa, ina magogo ya kushikia. Wakaikimbilia. Hawakungoja wachukuzi. Wanaume kwa wanawake waliingiza mabega yao chini ya magogo, Bi Nunuu akamweka mtoto chini ili apate mikono, sheha akavua kanzu, Bwana Ngwali akafunga Kamba mbele akaivuta kama ng'ombe. Mzee wa miwani alisukuma kwa nyuma. Nyumba ikainuka, nyepesi ajabu, ikageuka, ikaondoka juu ya ukungu kwa kasi ambayo wachukuzi wenyewe hawajawahi kuifikia. Walinzi wote wakaifuata na taa zao. Kazi yao ni kulinda nyumba.

"Rudini!" Bi Zuwena aliwakimbilia, kanga moja imemwanguka. "Wako huku! Jamani, wako huku! Walinzi! Rudini!" Ukungu ukamfunika, nikabaki kusikia sauti yake tu, nayo ikawa inazidi kuwa mbali.

Uwanjani hapakubaki mlinzi hata mmoja. Walibaki wachukuzi, wamesimama mikono mitupu, mabega wazi, hawajui waikunje wapi ile mikono. Walibaki watoto waliowekwa chini na wazazi wao. Na nilibaki mimi. Msellem alinigeukia.

"Sasa sisi twende wapi?" akaniuliza.

Nikautazama mwiko mkononi mwangu.

Mlango wa Bi Zuwena ukafunguliwa. Raya akachungulia, akautazama uwanja, akaona hakuna mama, hakuna sheha, hakuna taa. Alirudi nusu hatua ndani. Kisha akatoka. Akawaita watoto mmoja mmoja kwa majina, akamwinua mdogo wa Bi Nunuu aliyekuwa akilia, akawaingiza wote ndani ya nyumba yao na kuufunga mlango kwa nje. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mlango ule.

"Kaeni chini," akawaambia wanaume wale. "Pale, mahali peupe. Niwaone."

Wakakaa. Watu wazima, majitu yaliyobeba nyumba nchi nzima, wakakaa chini kwa neno la msichana. Msellem alikaa mwisho, uso kautazamisha ardhi. Mimi nikajikokota nikakaa kando ya Raya na mwiko wangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Tangu jana hajapata usingizi wake wa mchana. Mbali sana, ndani ya ukungu, mtaa mzima ulikuwa ukipiga vigelegele.

"Egemea hapa mwanangu, ulale kidogo," nikamwambia. "Mimi nitawatazama."

"Hapana, shangazi," akasema, bila kuwaondolea macho. "Wewe hujui unatazama nini."